Utiririshaji wa video kwenye simu

Utiririshaji wa video kwenye simu ni njia ya kutazama video katika simu ya mkononi au tableti wakati data yake ingali inaingia kupitia mtandao usiotumia waya. Mtazamaji hahitaji kusubiri faili lote lipakuliwe. Picha huanza kuonekana baada ya sekunde chache, na sehemu iliyokwisha kutazamwa kwa kawaida huondolewa kwenye kumbukumbu ya simu.

Jina linatokana na kitenzi "kutiririka", kwa kuwa data huingia kidogo kidogo bila kukatika, kama maji ya bomba. Njia hii hutumika kutazama filamu, muziki, masomo, mahubiri, habari na mechi za mpira kupitia huduma kama YouTube, Netflix, Facebook na TikTok.

Ugumu wa kazi hii unatokana na mambo mawili yasiyopatana. Video inahitaji data ifike mfululizo na kwa wakati wake, lakini mawimbi ya redio yanayoibeba hubadilika kila mtu anapotembea, anapoingia ndani ya nyumba au majirani wanapowasha simu zao. Teknolojia zinazoelezwa hapa zilibuniwa ili picha isikwame hata mtandao unapoyumba. Zimefaulu kwa kiasi kikubwa, lakini zinapima kasi ya mtandao, hazipimi bei ya data. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa vifurushi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua bando lake litadumu kwa muda gani.

Historia

Majaribio ya kwanza ya kutiririsha video yalifanyika kwenye kompyuta. Tarehe 24 Juni 1993 bendi ya Severe Tire Damage ilipiga muziki katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani, na onyesho hilo likarushwa moja kwa moja kwenye intaneti. Mwaka 1995 programu ya RealAudio iliwawezesha watu wa kawaida kusikiliza sauti bila kupakua faili zima, na baadaye video ikafuata.

Simu za kizazi cha pili (2G) zilitengenezwa hasa kwa ajili ya sauti na ujumbe mfupi, na kasi yake ya data haikutosha kwa video. Tarehe 1 Oktoba 2001 kampuni ya NTT DoCoMo ya Japani ilifungua mtandao wa kwanza wa kibiashara wa kizazi cha tatu (3G). Katika miaka hiyo video nyingi za simu zilikuwa katika faili dogo la aina ya 3GP. Mahali ambapo intaneti ilikuwa ghali, watu walirushiana faili hizo kwa Bluetooth au waliingiziwa kwenye kadi ya kumbukumbu dukani.

Nchi kadhaa zilijaribu njia nyingine: kurusha televisheni hewani hadi kwenye simu zenye antena. Korea Kusini ilianza mwaka 2005 na Japani mwezi Aprili 2006. Njia hiyo haikutumia data ya mtazamaji hata kidogo, lakini ilihitaji simu maalumu, na mtazamaji alifuata ratiba ya kituo. Huko Ulaya mfumo wa namna hiyo ulioitwa DVB-H haukudumu.

Mabadiliko makubwa yalitokea mambo matatu yalipokutana. YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Simu ya iPhone ilitoka mwaka 2007, zikafuata simu za Android. Kisha tarehe 14 Desemba 2009 mtandao wa kwanza wa kibiashara wa kizazi cha nne (4G) ulifunguliwa katika miji ya Stockholm na Oslo. Mitandao ya kizazi cha tano (5G) ilianza kutumika kibiashara Korea Kusini na Marekani mwezi Aprili 2019.

Kubana picha

Video ni mfululizo wa picha, na kila picha imeundwa na nukta ndogo ziitwazo pikseli. Video yenye upana wa pikseli 1280 na urefu wa pikseli 720 ina pikseli 921,600 katika kila picha. Kama kila pikseli inaandikwa kwa biti 24 na picha 25 zinapita kila sekunde, data yake ni takriban megabiti 553 kwa sekunde. Hakuna mtandao wa kawaida wa simu unaoweza kumpa kila mteja kiasi hicho.

Kwa sababu hiyo video hubanwa kabla ya kutumwa. Programu ya kubana huitwa kodeki. Kwa sehemu kubwa ya video, kodeki haitumi picha nzima kila mara, bali inatuma yale yaliyobadilika tangu picha iliyotangulia. Msomaji wa habari akikaa mbele ya ukuta mweupe, ukuta unaelezwa mara moja na baadaye hutumwa mabadiliko ya uso na midomo yake tu. Ndiyo maana mechi ya mpira, ambamo kamera na wachezaji hawatulii, inahitaji data nyingi kuliko mahojiano ya studio yenye ubora uleule.

Kodeki iliyoenea zaidi ni H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003. Ilifuatwa na H.265 mwaka 2013 na AV1 mwaka 2018. Kodeki mpya hutoa picha ya ubora uleule kwa data ndogo zaidi, lakini zinahitaji hesabu nyingi zaidi. Simu isiyo na sehemu maalumu ya kufungua kodeki fulani hulazimika kutumia kichakato chake kikuu. Hapo hupata joto na betri yake huisha upesi.

Vipande na ngazi za ubora

Mwanzoni seva ilimtumia kila mtazamaji mkondo mmoja usiobadilika. Mtandao ukipungua kasi, picha ilikwama. Siku hizi njia inayotumika zaidi ni utiririshaji unaojirekebisha.

Video nzima hukatwa vipande vya sekunde chache, mara nyingi kati ya 2 na 10. Kila kipande huandaliwa mara kadhaa katika ngazi tofauti za ubora, kuanzia picha hafifu hadi picha kali sana. Simu hupokea kwanza orodha ya vipande vyote na ngazi zake. Kisha huomba kipande kimoja baada ya kingine, na kila mara huchagua ngazi inayolingana na hali ya mtandao kwa wakati huo. Mtu akiwa kwenye daladala na kufika mahali penye mawimbi dhaifu, huona picha ikififia kwa muda badala ya kusimama. Akipita mahali hapo, picha hurudi kuwa safi.

Jambo la msingi ni kwamba uamuzi hufanywa na simu, si na seva. Simu hutazama muda uliotumika kupokea kipande kilichopita, kiasi cha video iliyokwisha kuingia, na ukubwa wa kioo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na Netflix walichapisha njia ya kuchagua ngazi kwa kutazama hasa kiasi cha akiba badala ya kukisia kasi ya mtandao, na katika majaribio yao video zilikwama mara chache zaidi.

Kampuni ya Apple ilitoa mfumo wake wa HLS mwaka 2009. Mwaka 2012 ulichapishwa mfumo wa kimataifa wa MPEG-DASH, unaofanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mifumo yote miwili hutumia HTTP, itifaki ileile inayotumika kufungua tovuti, hivyo seva za kawaida za wavuti zinatosha.

Akiba ya simu

Simu haionyeshi kila kipande mara tu kinapofika. Huweka akiba ya sekunde kadhaa au zaidi mbele ya sehemu inayotazamwa. Akiba hiyo hufanya kazi kama tangi la maji nyumbani. Maji ya bomba yanaweza kukatika kwa muda na bado watu wakaoga, mradi tangi halijakauka. Video nayo huendelea mtandao ukikatika kwa sekunde chache, mradi akiba ipo.

Akiba ikiisha, kile kiduara kinachozunguka hutokea katikati ya kioo. Maana yake ni kwamba data inaingia polepole kuliko inavyotazamwa. Kusimamisha video kwa muda husaidia, kwa sababu huipa simu nafasi ya kujaza akiba. Kushusha ngazi ya ubora husaidia zaidi, kwa sababu hupunguza kiasi kinachohitajika kila sekunde.

Akiba kubwa ina hasara yake pia. Mtazamaji akiacha video katikati, data yote iliyokuwa imeshaingia mbele hupotea bure, ingawa ameilipia. Hali hiyo hutokea sana kwa mtu anayepitisha video fupi moja baada ya nyingine, kwa kuwa programu nyingi huanza kupakua video inayofuata kabla haijaguswa.

Mawimbi ya redio

Katika waya, kasi hubadilika kidogo tu. Hewani hubadilika kila sekunde, kwa sababu kadhaa:

Umbali. Mawimbi hudhoofika kadiri simu inavyokuwa mbali na mnara. Simu iliyo mbali hulazimika kutumia njia ya kutuma iliyo salama zaidi lakini yenye kasi ndogo.

Vizuizi. Kuta za zege, mabati na vilima hupunguza nguvu ya mawimbi. Mawimbi ya masafa ya juu yana nafasi ya kubeba data nyingi, lakini hupenya kuta kwa shida. Yale ya masafa ya chini hufika mbali zaidi.

Kugawana. Simu zote zilizounganishwa na sehemu moja ya mnara hugawana uwezo wake. Ndiyo maana intaneti hulegea jioni watu wakisharudi nyumbani, au uwanjani siku ya mechi, hata kama alama ya mawimbi kwenye simu imejaa. Alama hiyo huonyesha nguvu ya mawimbi. Haionyeshi watu wangapi wanayatumia.

Kuhama. Simu iliyo safarini hukabidhiwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine, na data inaweza kukatika kwa muda mfupi. Kutoka kwenye Wi-Fi ya nyumbani kwenda kwenye mtandao wa laini hubadilisha pia anwani ya simu kwenye intaneti, na itifaki ya zamani ya TCP hulazimika kuanza muunganisho upya. Itifaki ya QUIC, iliyokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2021, imeundwa ili muunganisho uendelee hata anwani ikibadilika.

Njia ya data kutoka kwenye seva

Mawimbi kati ya simu na mnara ni sehemu ya mwisho tu ya safari. Kabla ya hapo data husafiri kwa nyaya, mara nyingi kutoka bara jingine.

Kwa miaka mingi Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kimataifa. Setilaiti hizo zilikuwa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na data ilichukua karibu nusu sekunde kwenda na kurudi. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi na kuunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na Ulaya na India. Mwaka huohuo mkongo wa TEAMS uliiunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu, na mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Bila mikongo hiyo utiririshaji wa video kwa watu wengi katika eneo hili usingewezekana.

Utegemezi huo ulionekana wazi tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika. Intaneti ililegea au kukatika Tanzania, Kenya na nchi jirani, ingawa minara na simu hazikuwa na kasoro yoyote.

Ili kupunguza safari hiyo ndefu, kampuni kama Google na Netflix huweka seva za akiba karibu na watazamaji, nyingine ndani ya majengo ya watoa huduma wa intaneti. Video inayopendwa huvuka bahari mara chache, kisha hutolewa kwa maelfu ya watu kutoka kwenye nakala iliyo karibu. Hii ni sababu mojawapo ya video maarufu kucheza vizuri huku video isiyotazamwa sana ikikwama kwenye simu ileile kwa saa ileile.

Matangazo ya moja kwa moja

Katika matangazo ya moja kwa moja, kipande hakiwezi kutumwa kabla tukio lake halijatokea. Kamera hurekodi sekunde kadhaa, kipande hubanwa katika ngazi zote, hupelekwa kwenye seva, kisha simu hukusanya vipande vichache kabla ya kuanza kuonyesha. Ikiwa kila kipande kina urefu wa sekunde 6 na simu inaweka akiba ya vipande vitatu, ucheleweshaji ni sekunde 18 bila kuhesabu hatua nyingine. Kwa hiyo mtu anayetazama mpira kwenye simu anaweza kusikia kelele za goli kutoka kwa jirani mwenye dishi wakati yeye bado anaona mpira ukiwa katikati ya uwanja.

Ucheleweshaji unaweza kupunguzwa kwa kutumia vipande vifupi na akiba ndogo, lakini tangi dogo hukauka upesi. Simu za video kati ya watu wawili huchagua upande huo. Huwa na akiba ndogo mno ili mazungumzo yasipishane, na mtandao ukiyumba picha huharibika mara moja.

Matumizi ya data na gharama

Kiasi cha data hutegemea ngazi ya ubora na muda wa kutazama. Hesabu yake ni rahisi: mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 450 kwa saa, kwa kuwa baiti moja ina biti 8. Kwa hesabu hiyo kifurushi cha gigabaiti 1 hudumu hivi:

Mkondo wa megabiti 0.4 kwa sekunde: zaidi kidogo ya saa 5 na nusu.
Mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde: takriban saa 2 na dakika 13.
Mkondo wa megabiti 2.5 kwa sekunde: takriban dakika 53.
Mkondo wa megabiti 5 kwa sekunde: takriban dakika 27.

Katika mpangilio wa "otomatiki", simu hupanda ngazi kila inapoona mtandao unaruhusu. Matokeo yake ni kwamba mtu anayehama kutoka 3G kwenda 4G au 5G anaweza kuona bando linakwisha haraka zaidi, ingawa anatazama video zilezile kwa muda uleule. Mtandao wa kasi wenyewe haukuongeza data ya video hiyo. Simu ndiyo iliyopanda ngazi, kwa sababu sasa inaweza.

Mara nyingi ubora huo wa ziada hauonekani. Jicho la kawaida hutofautisha nukta zilizoachana kwa takriban sehemu 1 ya 60 ya nyuzi ya pembe. Kwa simu iliyoshikwa sentimita 40 kutoka usoni, hiyo ni kama milimita 0.12. Picha yenye upana wa sentimita 13 inahitaji basi pikseli 1,100 hivi kwa upana kabla jicho halijashindwa kuzitenganisha. Ngazi ya 720, yenye pikseli 1280 kwa upana, inatosha tayari. Ngazi za juu zaidi zina faida kwenye televisheni kubwa, au kwa mtu anayeleta simu karibu sana na macho.

Mwezi Machi 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Netflix na YouTube zilipunguza ubora wa video barani Ulaya baada ya ombi la Umoja wa Ulaya, ili mitandao isielemewe. Netflix ilikadiria kuwa hatua hiyo ingepunguza data yake kwa asilimia 25.

Baadhi ya huduma zimejaribu mipango maalumu kwa simu. Netflix ilianzisha nchini India mwaka 2019 malipo nafuu ya kutazama kwenye simu pekee. Nchini Kenya ilitoa mwaka 2021 mpango wa bure kwa simu za Android, uliofungwa mwaka 2023. Katika mipango kama hiyo huduma yenyewe inaweza kuwa ya bei nafuu au bure, lakini gharama ya data hubaki kwa mtazamaji.

Betri

Sehemu ya redio ya simu hutumia umeme mwingi, na baada ya kupokea data huendelea kuwa macho kwa sekunde kadhaa ikisubiri data nyingine. Kwa hiyo programu nyingi hupakua vipande vingi kwa mkupuo, kisha huiacha redio ipumzike mpaka akiba ipungue. Mawimbi yakiwa dhaifu, simu hutumia nguvu zaidi kuwasiliana na mnara na muda mrefu zaidi kupokea kipande kilekile. Kioo chenye mwanga mkali huongeza matumizi hayo.

Njia za kupunguza matumizi

Programu nyingi za video zina mpangilio wa ubora ambao unaweza kuwekwa tofauti kwa Wi-Fi na kwa data ya laini. Mtumiaji akichagua ngazi mwenyewe, au akiwasha kiokoa data, simu haitapanda zaidi ya hapo hata mtandao ukiwa na kasi kubwa.

Kuzima uchezaji wa kujianzisha huzuia video zisizoombwa zisianze kupakuliwa. Huduma kadhaa huruhusu pia kupakua video kupitia Wi-Fi na kuitazama baadaye bila mtandao. Faili hilo kwa kawaida hufungwa kwa njia fiche, hivyo haliwezi kuhamishiwa kwenye simu nyingine, na linaweza kuwa na muda wa kuisha.

Kwa masomo, mahubiri na mahojiano, ambamo maneno ndiyo yanayotakiwa, sauti peke yake hutumia sehemu ndogo ya data ya video. Mkondo wa sauti wa kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa, hivyo gigabaiti 1 hutosha kwa zaidi ya saa 34 za kusikiliza.